Kabureta Yako, Sikio Langu

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Mtoto ameondoka na gari lako leo asubuhi, peke yake, kuelekea Kondoa na kupita, na mimi nimebaki hapa Nzuguni nikizunguka kati ya kibaraza na jiko, simu mkononi, kama chizi. Ndiyo, gari lako. Lile lile uliloliacha juu ya matofali, boneti wazi, injini imeshushwa. Linatembea sasa. Nakuandikia kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka, na mtu wa kumwambia habari za kabureta bila kunitazama kwa huruma ulikuwa wewe tu.

Neema amepata kazi. Muuguzi, mwanao, zahanati moja ya kule milimani mbele ya Kondoa, ukishaiacha lami. Kesho anaripoti. Nilimwambia apande basi, mizigo itafuata. Akaniambia, "Mama, gari la baba si lipo?" Nikamjibu lipo, lakini vipande vipande. "Basi tulifunge." Hivyo tu, kama mtu anayesema tupike chai. Unamjua. Ule ukaidi hakuutoa kwangu.

Unakumbuka ulivyopanga vyuma vyako sebuleni? Pistoni kwenye beseni la bluu. Bolti kwenye sufuria yangu ya wali, ile niliyokugombeza nayo mpaka ukaninunulia nyingine. Valvu kwenye sinia, kila moja na zamu yake. Ukaninyooshea kidole: "Mama Neema, sinia hilo usiliguse. Kila valvu ina kiti chake. Ukizichanganya umeniua." Nikaacha hata kufagia ile kona. Nilikuwa napita upande kama ninayepishana na mkwe.

Wala sikuzichanganya. Ulikufa tu, kwa moyo wako mwenyewe, hata ringi mpya ulizoagiza hazijafika.

Zilichanganywa msibani. Wanawake walipoingia jikoni wakakuta vyombo havitoshi, na unajua mambo ya msiba, hakuna anayemuuliza mfiwa sufuria iko wapi. Beseni, sinia, sufuria, vyuma vyake vyote vikamwagwa kwenye kiroba kimoja cha mkaa, vyombo vikasuguliwa, vikaingia kazini. Nakuambia wali wa msiba wako ulinukia grisi kwa mbali. Niliweka tonge mdomoni nikaangua kilio, watu wakanishika huku na huku, "jikaze mama, jikaze," wakidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nalilia valvu. Wewe nilianza kukulilia baadaye, walipoondoka wote.

Na mtani wako Kihwele, Mhehe yule mwenye gereji Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, akafanya alichofanya. Tumetoka makaburini, watu wako kimya, yeye akaingia ndani na kutoka na kabureta yako ameinyanyua juu. "Mgogo huyu maisha yake yote hakujua kufunga gari! Urithi wangu huu hapa! Siutoi mpaka mjane aniletee jogoo!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata mama yako alicheka, na alikuwa hajala siku hizo zote. Utani ni utani, na mimi nilicheka pia, halafu nikamchukia.

Majogoo nilikuwa nao uani, tena wananisumbua. Sikumpelekea hata mmoja. Watu walidhani ni ubahili, ndugu zako wakaniteta. Nikuambie ukweli? Kabureta ikiwa kwa Kihwele, injini haiwezi kufungwa. Na injini ikiwa haijafungwa, basi kazi yako haijaisha, na wewe hukuwa mtu wa kuacha kazi njiani. Nilikuwa naamka asubuhi nakiangalia kile kiroba kwenye kona, moyo unatulia. Ujinga mtupu. Lakini ulinisogezea siku.

Sasa Neema na kazi yake wakanivurugia. Ikabidi nimkamate jogoo, yule mwekundu mwenye fujo, nikamfunga miguu nikaenda naye Chang'ombe. Nilijua Kihwele atanipigia kelele mbele ya gereji nzima. Wapi! Aliponiona na jogoo kwapani aliingia ndani, akatoka na kabureta imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ameiosha, amepuliza kila tundu, hata vumbi huoni. "Kwanza niamkie shikamoo, wewe mke wa mtumwa wangu," akajaribu kutania. Akakaa juu ya tairi. "Shemeji, mtu huyu ameniacha sina wa kumtukana." Tukalia wote wawili pale, na jogoo analia.

Amefanya kazi, simnyimi haki yake. Alikuja hapa nyumbani na kiroba kikamwagwa juu ya mkeka. Kwa kuwa valvu zilikuwa hazijulikani tena ipi ni ya wapi, alizisaga upya zote, moja moja, mpaka kila moja ikakubali kiti ilichopewa. Akabadilisha ringi, gasketi, plagi. Neema alikuwa anamshikia taa mchana kweupe, ndani ya injini kuna giza, alisema. Mimi nilikuwa mbali kidogo na cherehani yangu, nashona sare za shule, mikono inashona lakini macho yapo kule.

Halafu ikaja kurekebisha silensa, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Na hapo ndipo ugonjwa wangu wa leo ulipoanzia.

Unajua ninachozungumzia. Zile Jumamosi zetu. Unaniita kutoka jikoni, mikono ina unga, nakaa kwenye usukani, wewe kichwa chini ya boneti na bisibisi yako. "Kanyaga. Achia. Kanyaga kidogo. Acha hapo hapo." Injini inanguruma peke yake bila kukanyagwa, na wewe unazungusha ile skrubu ya kupimia mafuta na hewa, kidogo hivi, kidogo vile. Kisha unainama kunitazama kupitia uwazi wa chini ya boneti. Nikitikisa kichwa unaendelea. Nikikubali kwa kichwa unatoa bisibisi. Dodoma nzima mafundi walikuwa wakisema hakuna mwenye sikio kama lako. Hawakujua kwamba la kushoto lilikufa kwa nyundo za gereji na la kulia lilikuwa linafuata, ukanikataza nisimwambie mtu, hata daktari ikabidi nikuburute. Sikumwambia mtu. Hata Kihwele.

Basi Kihwele akarekebisha kwa njia yake. Akasikiliza, akachomoa plagi akaangalia rangi, akarudishia, akafuta mikono. "Imekaa." Neema akapiga vigelegele, majirani wakaja. Na mimi kwenye cherehani nikasikia inakata pumzi. Kidogo sana, kama mtu anayesahau kuvuta hewa kisha anakumbuka. Nikashona mshono mzima kwanza. Mwishowe nikainuka.

"Bado. Fungua kidogo."

Kihwele akanitazama. "Shemeji, hii ni injini, siyo ugali."

"Nimesema fungua."

Akafungua, kwa kunidharau, ili nione itakavyoharibika. Nikasema tena. Akafungua tena. Jumla ilikuwa nusu mzunguko, Baba Neema, na pale injini ikatulia, ikaimba ule mlio wako. Kihwele alisimama na bisibisi yake hewani. Akaniangalia mimi, akaangalia usukani, akaniangalia tena. "Ah," akasema. "Kumbe." Nadhani alielewa ni nani alikuwa anasikiliza miaka yote ile.

Lakini alipokuwa anafunga vifaa vyake alinivuta pembeni. "Hapa Nzuguni sawa, nimekubali. Ila mtoto anapanda milima. Kule juu hewa ni nyepesi, na wewe umemfungulia mafuta. Yakizidi, plagi zitalowa, gari litamzimikia mlimani. Niirudishe skrubu?"

Na mimi, kwa kiburi changu, nikasema iache.

Kwa nini nilisema vile? Sijui! Labda kwa kuwa ulikuwa mlio wako, na nilikuwa sijausikia tangu uondoke, sikutaka mtu aniondolee. Wewe na mimi hatukuwahi kulipeleka gari kule juu. Safari zetu zilikuwa mjini, Msalato, na kijijini kwenu kila Krismasi. Sikio langu linajua hewa ya hapa tu. Na sasa mwanangu yuko huko barabarani na nusu mzunguko wa mama yake.

Alinipigia kutoka Kondoa mjini. Gari tamu, anakunywa soda, ameonana na binti aliyesoma naye. Nikamuuliza mlio ukoje, akasema, "Mama, niache nile." Tangu hapo kimya. Napiga, yule dada wa kwenye simu ananiambia namba haipatikani kwa sasa. Najua kule mtandao ni wa kubahatisha. Najua. Lakini namwona amesimama kwenye kona ya mlima, boneti wazi, moshi, godoro limefungwa juu ya gari, na wanaume wasiojulikana wanasimamisha pikipiki zao kuuliza, "Dada, vipi?" Nimeacha kushona, nimeshashona mkono wa shati mahali pa kola.

Nilimpigia Kihwele. Alipokea hata simu haijaita vizuri. "Shemeji, usinipigie hivyo, umenishtua, nilidhani ni yeye." Kumbe na yeye ameshika roho mkononi huko Chang'ombe.

Na kuna jambo jingine, baya zaidi, limenijia wakati naosha vyombo ambavyo ni visafi. Je, kweli nilikuwa nasikia mimi? Au ulikuwa unanibembeleza tu? Wewe ulikuwa na tabia hiyo, unamwachia mtu aone ni yeye aliyefanya. Labda vidole vyako vilikuwa vinaisikia injini kupitia ile bisibisi, umeshamaliza kazi, halafu unainama kunitazama ili tu nifurahi, ili niache unga nije nikae na wewe. Ningekupenda zaidi kwa hilo, lakini leo, Baba Neema, leo nisingekusamehe. Maana kama ni hivyo basi nimemtuma mtoto mlimani kwa sikio ambalo halikuwahi kuwepo. Nijibu. Wewe ndiye pekee unayejua, na umelala huko kimya kama uliyeshiba.

Jua limeshafika nyuma ya mwarobaini wa jirani. Angekuwa ameshafika.

Simu. Ngoja.

Nimerudi. Subiri nifute karatasi, nimelowesha.

Amefika. Mungu wangu, amefika, yuko kwenye nyumba ya zahanati, amesimama juu ya kiti karibu na dirisha kwa sababu ndipo mtandao unapopatikana. Hata sikumuuliza amekula nini. Nilimuuliza, "Lilizima?"

"Lilitaka kuzima. Tulipoanza kupanda likatoa moshi mweusi, likawa linatetemeka nikisimama."

Nikakaa chini, sakafuni. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, ni mimi. Kihwele aliniambia."

"Mama, nisikilize. Nilisimama, nikafungua boneti, nikaacha injini inanguruma, nikairudisha ile skrubu kidogo kidogo mpaka ikakaa. Halafu nikaendelea."

"Nani alikuambia imekaa? Kulikuwa na fundi?"

"Fundi gani huku? Nilisikia."

Nikamwambia asinidanganye, kurekebisha silensa hakufundishwi darasani. Akacheka, kile kicheko chako cha puani. "Mama, mlikuwa mnanilaza kiti cha nyuma kila Jumamosi. Mnadhani nilikuwa nalala? Nilikuwa nafumba macho nabahatisha ni wakati gani utakubali kwa kichwa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakosea. Baadaye nikawa sikosei."

Akaendelea mwenyewe, polepole, kama anayemwambia mgonjwa. "Baba alikuwa hasikii kitu, mama. Nilikuwa najua. Nilikuwa namwita nyuma ya mgongo wake nacheza, hageuki. Alikuwa anazungusha tu na kukutazama wewe. Usingekubali, angezungusha mpaka kesho."

Halafu mtandao ukakatika.

Nimempigia Kihwele kumwambia mtoto amefika. Akasema alijua tu atafika, muongo mkubwa yule, halafu nikamsikia anapenga kamasi. Sasa nimekaa na karatasi hii na sijui nicheke au nikugombeze. Miaka yote tukipeana ishara kwenye lile gari kana kwamba tuko peke yetu, tunaificha dunia nzima sikio lako, na mtoto yuko nyuma yetu amefumba macho, anasikiliza.

Pumzika, mume wangu. Naenda kufumua lile shati.

Mkeo, na sikio lako,
Mama Neema