Wasifu wa Baba na Injili Nne

Jumatano

Eti hadithi tu! Binti yangu Wanjiru amerudi kutoka chuo huko Njoro, na leo tukimenya viazi akaniambia, "Mum, hao walioandika Injili walitunga. Wako wanne na hawaelewani."

Nilikasirika, kisha nikakumbuka mazishi ya baba. Wasifu tuliomwandikia ulisema alikuwa mpole. Mpole, yule! Ndugu yake akasimama akasimulia baba mwingine kabisa. Tulimpamba, ndiyo, lakini tuliyemzika alikuwa mtu kweli.

Nikamjibu hivyo. Akasema juu ya babu yake, "Lakini guka hakufufuka."

Hapo niliingiwa na hofu, na bado ninaogopa. Lakini kesho tutazisoma zote nne, mimi na yeye, mpaka pale penye kaburi la Yesu, na sitaruka mstari hata mmoja.