Kapi Zako Bado Ziko Mtini

Mpendwa Baba Nakijwa,

Ninakuandikia kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ubao wako, juu ya mgrevilea wa nyuma ya nyumba. Chini yangu yupo kaka yako mkubwa na fundi mwenye msumeno wa injini. Wamekuja kuukata mti huu wapasue mbao za jeneza lako. Ndani yake wanataka kulaza koti lako na viatu vyako vya kanisani, kwa kuwa wewe mwenyewe huonekani na wazee wamechoka kusubiri.

Nimekataa kushuka.

Unakumbuka siku ulipozileta hizi kapi kutoka Tanga? Mama yako alikusikia ukisema umeleta kapi, akakuuliza mbona unahangaika kubeba makapi kwenye basi mpaka Same, uyapandishe na huku mlimani, wakati makapi ya mahindi yamejaa tele jikoni kwake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamwonyesha magurudumu madogo ya kupitishia kamba, ukamweleza kwamba kazi yako kwenye mashua za wageni ni kupanda mlingoti, na kwamba walikuchagua kwa sababu mtoto wa milimani haogopi kutazama chini. Mama hakuridhika. Mpaka leo anaziita makapi.

Ukaupogoa mgrevilea ukabaki mnyoofu kama huo mlingoti wenu, ukafunga kapi moja juu kabisa na nyingine kwenye ubao wa kukalia. Ulisema unafanya mazoezi. Mimi nilijua unajionyesha kwa majirani, mpaka siku simu yako ilipoita ukiwa huko juu, tukagundua mtandao wa simu wa Ndungu, kule bondeni, unafika huko juu. Ndipo ukaamua kunifundisha na mimi. Niliogopa, nikakuomba univute kutoka chini, ukakataa.

"Nikikuvuta mimi, unakuwa mzigo," ulisema. "Ukijivuta mwenyewe, unakuwa mwepesi. Jaribu uone."

Nikavuta kamba, na kweli mwili wangu ukapanda kama ndoo isiyojaa. Nilipotaka kupumzika ukapaza sauti: "Funga kwanza, Mama Nakijwa, ndipo upumue."

Uliporudi kazini, hayo ndiyo yakawa maisha yetu. Jioni nikimaliza kukamua ng'ombe, najipandisha, nafunga, nakupigia. Ulikuwa unauliza kwanza kama nimefunga, salamu baadaye. Majirani walisema mke wa baharia amegeuka tumbili, wala sikujali. Nilikuwa nakusikia.

Mara ya mwisho uliniambia mnaipeleka mashua ya mgeni kwenye visiwa vya mbali, ukifika utapiga. Tangu hapo nimesikia sauti moja tu, ya yule dada wa kwenye simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Waliokuajiri Tanga nao hawana jipya, mashua haijaonekana. Kaka yako anasema imetosha, tuanue matanga. Nikamjibu matanga ninayoyajua mimi ni yale ya mashua yako, na wewe ndiye wa kuyaanua. Nimeyashikilia yale maneno mawili ya yule dada, "kwa sasa". Aliyekufa hapatikani milele, si kwa sasa tu. Nilipomwambia hivyo alinitazama kwa huruma, na huruma yake inaniuma kuliko ukali wake.

Nimechoka, mume wangu. Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Kama uko hai, umekosa hata mtu wa kukuazima simu? Nakijwa ameacha kuuliza utarudi lini. Mtoto akiacha kuuliza, mama yake ashike wapi?

Asubuhi hii niliposikia msumeno ukijaribiwa, nilikimbilia kamba. Nimejipandisha, nimefunga, na kamba yote iliyobaki nimeikusanya huku juu mapajani, asiwepo wa kunishusha. Kaka yako ameomba, amefoka, sasa amekaa kwenye gogo.

"Shemeji, shuka tuongee," anasema.

"Tuongee hivi hivi, shemeji. Nakusikia."

Kisha nikakupigia, ili wajue sikupanda bure. Yule dada amebadilisha maneno. Amesema namba hii haipo. Nimepiga tena, akarudia vile vile. Najua laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, si lazima iwe na maana nyingine. Najua pia kwamba wakilisikia hili, msumeno utawashwa.

Mama ametoka jikoni, akaja mpaka chini ya mti, akashika kiuno, akainua uso.

"Mama Nakijwa, umempigia?"

"Nimempigia, mama."

"Wamesemaje?"

Nimetazama mpunga wa Ndungu kule bondeni ili nisimwone machoni.

"Haipatikani kwa sasa, mama."

Amemgeukia kaka yako. "Umesikia mwenyewe. Wamesema kwa sasa. Mwambie huyo fundi aende kwake, na hayo makapi ya mwanangu yasiguswe."

Wanaondoka. Mama amebaki peke yake pale chini, ameinua mikono kama anayetaka kunipokea, na kesho ataniuliza tena. Kamba nimeifunga vizuri, Baba Nakijwa, kama ulivyonifundisha. Kupumua ndiko kumenishinda.

Ni mimi mkeo,
Mama Nakijwa