Sikudanganya, Nilimwona Wifi Yangu Akiiacha Pasi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, maana nyumbani na kazini naitwa mwongo, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kumsingizia mtu.

Mimi ni dobi hospitalini, chumba cha kupiga pasi, pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeniombea kazi hiyo, na miezi mitatu iliyopita, asubuhi, nilikuwa nakunja mashuka upande wa pili, mvuke umejaa, nikaona mwanamke mrefu mwenye aproni ya kijani anatoka, na dakika chache baadaye meza ya pasi ikashika moto, mashuka yote ya chumba cha upasuaji yakaungua na wagonjwa wa siku hiyo wakarudishwa wodini. Msimamizi akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza, "Wifi yako alipotoka, aliichomoa pasi au aliiacha?" Nikasema aliiacha, kwa sababu taa nyekundu ya pasi ilikuwa inawaka, na isitoshe wiki moja kabla alikuwa ameonywa kwa kosa hilohilo, basi nikaeleza kwa msimamizi, nikaeleza kwa kamati, nikaandika na kusaini, na kila nilipoeleza nilikumbuka zaidi, mpaka nikakumbuka kwamba aligeuka akaniangalia. Wifi alilia akisema alikuwa wodini, nani angemwamini? Akasimamishwa kazi, na watu wakambandika jina la Mama Moto, hata watoto wa jirani wanamwita hivyo.

Sasa wiki mbili zilizopita muuguzi wa wodi ya watoto karudi kutoka likizo ya uzazi, katoa daftari la kupokelea mashuka alilolifungia kabatini, na saini ya wifi ipo, saa ileile, alikuwa anamkabidhi mashuka, halafu mfanya usafi mmoja naye kasema ndiye aliyepita pale kuchukua ndoo na pasi hakuigusa, na fundi umeme kasema waya ulikuwa umechakaa. Msimamizi anasema hawezi kumrudisha wifi mpaka nifute maelezo yangu kwa maandishi. Mume wangu akasema, "Andika, umwombe dada yangu radhi, yaishe." Nikamjibu, "Niandike kwamba nilidanganya? Mimi? Nilimwona kwa macho yangu mawili!" Tangu hapo anakula haraka na kuondoka, na wifi nilipokutana naye dukani alinipita kama nguzo ya umeme. Mshauri, hata sasa nikifumba macho namwona, na uso wake kabisa. Nafutaje nilichokiona?

Dobi Mwenye Uchungu

Dada Dobi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Naamini hukudanganya. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Wewe ukweli huna. Una picha, na picha hiyo ulisaidiwa kuichora. Hebu soma maneno yako mwenyewe: mwanamke mrefu, aproni ya kijani, mvuke. Uso uko wapi? Uso aliuleta msimamizi. Hakuuliza ni nani aliyetoka, aliuliza "wifi yako alipotoka." Swali la namna hiyo linanichefua! Kichwani mwako tayari kulikuwa na lile onyo la wiki iliyotangulia, likakaa sawasawa kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Watafiti wa saikolojia waliwahi kuwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Wengine wakaulizwa mwendo wa magari kwa neno la kawaida, wengine kwa neno kali, kama vile yalipondana. Baada ya wiki moja, walioulizwa kwa neno kali walikuwa wengi zaidi katika kudai kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Hakuna kioo kilichovunjika katika filamu ile. Neno moja tu, dada! Wewe ulitajiwa mtu kabisa. Akili si kamera. Kila tukisimulia jambo tunalijenga upya, na palipo na tundu tunapaziba kwa kile tulichotarajia au tulichosikia. Kwa hiyo huko kukumbuka zaidi kila ulipoeleza, ulikokuona kuwa ni uthibitisho, ndiko kulikopaswa kukushtua.

Lakini usijifunike kwa hayo. Kukosea uliyemwona katikati ya mvuke, yeyote angeweza. Kukaa wiki mbili na daftari mbele yako, ukilinda heshima ya macho yako huku mwenzako yuko nyumbani anaitwa Mama Moto, hilo umelifanya ukiwa na akili timamu. Na mlikuwa ofisi nzima! Alisema alikuwa wodini, na hakuna aliyenyanyua mguu kwenda kuuliza.

Hakuna anayekutaka uandike kwamba ulidanganya. Kesho, kabla hujavaa aproni, andika hivi: niliona mtu, uso sikuuona, aliyemtaja wifi kwanza ni msimamizi, katika swali lake. Hilo swali liandike neno kwa neno, hata akikunja uso. Saini, kisha omba barua hiyo isomwe mbele ya kamati ileile.

Halafu nenda kwa wifi yako. Usimpelekee habari za watafiti, na usiseme "nisamehe kama nilikukosea". Hiyo "kama" iache nyumbani. Sema, "Nilikukosea." Akifoka, sikiliza mpaka amalize. Akikufungia mlango, ana haki. Ila hakikisha barua imemfikia msimamizi kabla hujabisha hodi, ili wifi yako arudi kazini hata kama hatakusemesha tena.