Angshasi, Maana ya Pili

2 Machi

Dada yangu kipenzi,

Hujambo? Magoti ya mama yanasemaje? Mimi niko fiti, na bahati imening'ang'ania kama kupe. Unajua kazi yangu ya kuning'inia kwa kamba nikisafisha vioo vya maghorofa. Juzi msimamizi kanitazama mbele ya wenzangu wote, akasema mimi ni "angshasi". Mwenzangu anayekijua Kiingereza akanitafsiria: mtu mwenye hamu, anayewaka kwa kazi! Papo hapo nikapewa cheo. Sasa naongoza kamba zote. Mwambie mama alale usingizi mnono.

Kaka yako, Bwana Mawingu

19 Machi

Kaka,

Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Nimeacha cherehani nikaenda kwa mwalimu jirani, tukafungua kamusi. Kwanza linaandikwa "anxious". Maana yake ya kwanza ni mtu mwenye wasiwasi, roho haijatulia. Hamu ni maana ya pili, na mwalimu anasema hiyo hutaka kitu mbele yake: anxious kufanya jambo fulani. Likikaa peke yake, ni wasiwasi tu.

Je, msimamizi aliliacha peke yake?

Wewe ndiye uliyepanda paani kupigilia bati ukashindwa kushuka, baba akakubeba mgongoni huku unaimba ili tusijue unalia. Mikono inatetemeka huko juu? Kama inatetemeka, shuka. Mama hataki shujaa wa kuzikwa.

Dada yako

11 Aprili

Kaka, mbona kimya? Mama ananiuliza habari zako kila siku.

Dada yako

30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo yangu imfikie mama kwanza. Mimi mzima wa afya, na mkono huu hautetemeki, maana niko chini.

Aliliacha peke yake, dada. Yatima kabisa. Siku ile niliganda kwenye kamba, wakanibandua kidole kimoja kimoja, wakanishusha kama gunia la viazi. Sasa nasafisha vioo vya mlangoni, na vinang'aa hadi watu wanavigonga kwa pua! Huku chini hakuna wa kunifikia.

Wala hakuna mwenzangu aliyenitafsiria. Ile ya hamu niliitunga mwenyewe. Kumbe kamusi nayo ilikuwa upande wangu! Basi mwambie mama niko anxious kumwona. Hapo lina kitu mbele yake.

Cheo hakuna. Nilikudanganya.

Kaka yako, wa chini