Ozella Trammell, Uliyetushonea Majina

Ozella dada, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Februari ulipotutoka hapa Pine Bluff. Familia imenipa mimi kazi ya kuandika haya, maana katika ukoo wote wa Trammell hakuna anayeiweza kalamu kama mimi. Haya, niseme ukweli: kaka yetu Lucius alikataa, binti yako Imanetta hulia kabla hajamaliza kuandika tarehe, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na meza. Shule yangu unajua iliishia wapi.

Tunaikosa sauti yako jikoni. Tunaikosa sukuma wiki yako iliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, na ule mtindo wako wa kuficha kipande cha mwisho cha pai ya viazi vitamu, kisha unainuka na wewe kutusaidia kukitafuta.

Miaka thelathini na mmoja uliwapakulia watoto chakula shuleni, na hakuna mtoto uliyemwita "wewe." Yule mwalimu mgeni alipoona jina la Dequarius ni refu akawa anamwita Dee, ulitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, una shahada ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na zote ulizimaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na jina la mtoto limalize."

Lakini kazi yako hasa, ile ambayo hakuna aliyekuajiri kuifanya, ilikuwa kutoa majina. Mimba ikifika mwezi wa nane, mwenye nayo alishajua njia ya kwako. Ulimkalisha, ukampa maharage achambue, ukamuuliza majina ya bibi na babu wa pande zote mbili. Kisha ukaanza kukata na kuunga, kama ulivyoshona yale mablanketi yako ya viraka: kichwa cha huyu, mkia wa yule, na pambo kidogo katikati. Vijana wenye nywele kubwa kama kofia walipokuja na kile kitabu cha majina ya Kiafrika, Imani ulilipenda papo hapo. Ila mtaa ulishakuwa na akina Imani sita, kwa hiyo binti yako ukamuungia na Netta, bibi yake mzaa baba. Mpaka leo hakuna Imanetta mwingine kutoka hapa hadi Little Rock.

Halafu ulikuja mtihani wa mlango wa nyuma. Yule mjamzito alisimama kizingitini akaliita lile jina mara tatu, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula. Lisipofika kwenye reli ya treni iliyo nyuma ya bustani yako, ulikuwa unatikisa kichwa. "Hilo limeangukia kwenye nyanya zangu. Rudi mezani tulishone upya."

Wapo waliotucheka kwa majina haya, wengine ndugu zetu wenyewe. Hukubishana nao. Ulifungua Biblia ya familia ukawaonyesha ukurasa wa mbele, alipoandikwa babu wa babu yetu: Pompey. Mwenye shamba aliyemmiliki kama mtumwa ndiye aliyemwita hivyo, na mmoja wa nyumbu wake wa kukokota plau alimwita Pompey pia. "Jina la nyumbu tulishalivaa," ulisema. "Sasa niacheni niwashonee watu wangu ya kwao."

Mwezi wa Agosti mjukuu wangu Kiandra alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza kuzaliwa kwetu wewe ukiwa hupo. Fomu ya hospitali akaja nayo nyumbani, mahali pa jina peupe. Siku ya tatu akaniambia ataandika Anna.

"Anna ana kosa gani, Bibi?"

"Hana kosa. Kanisani tunao watatu, wote watu wazuri."

"Usinitanie. Unajua niliomba kazi mara ngapi kwa jina la Kiandra? Kimya. Nikaandika K. Moore, simu ikalia wiki hiyohiyo. Sitaki mwanangu jina limtaje mweusi, afungiwe mlango kabla hawajamwona uso."

Dada, mwenye majibu ulikuwa wewe. Mimi nina mizaha tu. Nikamtazama yule mtoto amelala, nikaona anatutoka mikononi, na sijui nimzuie kwa kitu gani.

Kiandra akapangusa macho. "Bibi Ozella angeacha neno ningelifuata, na woga wangu huuhuu. Lakini hakuacha."

"Aliacha," nikasema.

Nikaenda chumbani, nikakaa kidogo, nikarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikamwambia uliitia ndani ya Biblia yako, kwenye Zaburi, ukanikabidhi siku zako za mwisho nimtunzie mpaka atakapopata mtoto. Mwandiko ulitetemeka vizuri sana, mwandiko wa mgonjwa kabisa. Rozellene. Ndani yake yumo Rosetta, mama yake Terrence, baba wa mtoto. Umo wewe. Na mwishoni kuna kimkia cha Verlene, maana hata kitandani hukuweza kunisahau.

Kiandra aliisoma mara mbili. Akambeba mtoto, akaenda mlango wa nyuma, akaita. Mara ya tatu jirani yetu mzee Cleophus akaitikia kutoka ng'ambo ya reli, "Huku hajafika!"

Akarudi anacheka na kulia kwa pamoja, akaivuta fomu, akashika kalamu. Ili asikosee herufi akaichukua tena ile karatasi, na safari hii akaigeuza nyuma.

"Bibi."

"Naam, mama."

"Bibi Ozella tulimzika Februari, sivyo?"

"Februari. Mvua ilinyesha."

"Huku nyuma kumepigwa chapa ratiba ya ibada ya Pasaka. Pasaka ya mwaka huu."

Nikatazama dari. "Dada yangu," nikasema, "alikuwa mtu wa kuona mbali."

Unakumbukwa na kaka yako Lucius. Na mwanao Imanetta. Na Kiandra na Terrence Moore. Na mimi mdogo wako Verlene. Na watoto wote uliowapakulia. Na Rozellene Moore, mwenye miezi sita. Tutakukumbuka siku zote, Ozella, kila tutakapoitwa.