Kipanya Nilichokificha Kwenye Droo

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana nikimweleza mtu mwingine atacheka, na mimi silichekei jambo hili hata kidogo.

Nina duka dogo la kutengeneza kadi za mialiko, na miaka yote nimetumia kipanya cha kompyuta cha kizamani, kile chenye gololi tumboni, ambacho kila asubuhi lazima ukifungue ukwangue kwa kucha taka iliyoganda ndani ndipo kiende, na mume wangu aliponiona nahangaika akanihurumia, akaninunulia kompyuta mpya yenye kipanya chepesi kisicho na waya, nikashukuru, tena kwa moyo, ila Shangazi, mkono ulikataa, mshale unateleza kama umepakwa sabuni, nikiweka ua kwenye kadi linaangukia jina la bwana harusi, basi kile cha zamani nikakiunganisha kwa nyuma nikakificha kwenye droo, yeye akitoka nakitoa, akiingia nakirudisha na kushika kipya.

Sasa jioni mume wangu huja kunisaidia, na siku moja kakaa mbele ya skrini, mimi nikaisukuma droo kidogo tu, kipanya kikateleza mle ndani na mshale ukakimbia wenyewe. Akaruka na kiti! "Mama watoto, umeona? Hii mashine ina kitu!" Nikamjibu, "Labda virusi." Sijui neno lilinitokaje.

Akamwita fundi aliyetuuzia, rafiki yake tangu utotoni, na fundi akaifungua, akaisafisha, hakuona kitu, maana nilikuwa nimeshakichomoa kile cha zamani, na alipoondoka nikakirudisha, na mshale ukakimbia tena. Mume wangu akamfuata dukani kwake, akamwambia mbele ya wateja, "Umeniuzia takataka. Tusijuane." Sasa hawasalimiani, na Jumamosi anataka kwenda kumrudishia mashine mlangoni. Nimechanganyikiwa, Shangazi. Sijui nikitupe au niseme, na nikisema nianzie wapi, wala sijui kwa nini mtu mzima napenda kitu kilichochubuka hivi, ila nikikishika nahisi gololi inazunguka na roho inatulia. Nifanyeje?

Mwenye Droo

*

Mwanangu Mwenye Droo, nisikufiche, nilicheka. Halafu nikafika kwenye habari ya fundi, nikaacha.

Kupenda kipanya kikuukuu si kosa. Mimi nina redio isiyowaka mpaka niizabe kofi, na mtu akitaka kuninunulia nyingine tunagombana. Kwa nini? Sijui, na wewe pia si lazima ujue.

Lakini wewe nawe! Wenzio wanaficha mabwana, wewe unaficha kipanya! Ungemwambia siku ileile, "Mume wangu, zawadi nimeipenda, ila hiki kipanya kimenishinda," angenuna mpaka wakati wa chai, basi. Badala yake ulisimama pale ukamtazama fundi anatoka jasho juu ya mashine nzima, na ulijua. Hapo sikuonei huruma. Uliogopa kumvunja moyo mumeo, ukamvunjia urafiki.

Usikitupe. Ukikitupa mshale utatulia, mumeo ataamini alikuwa sahihi kumtukana mwenzake, na wewe utakaa na siri hiyo kifuani hadi uzeeni.

Usingoje Jumamosi. Leo akija, mketishe mbele ya skrini, fungua droo akiona, sogeza kile kipanya, na umwache autazame mshale unavyokwenda. Usianze na maelezo marefu, utajikanyaga. Atafoka, na ana haki. Wala usimkumbushe kwamba ulifanya kwa kumpenda, hilo aligundue mwenyewe akipoa.

Akishapoa, vaeni viatu mwende dukani kwa fundi, wakati wateja wapo, kwa sababu alitukanwa mbele ya watu. Usipige simu, na usimtume mumeo peke yake. Mkifika usimwachie yeye kusema, maana yeye alidanganywa kama fundi alivyodanganywa. Mumeo abaki nyuma yako. Hodi upige wewe.