Nusu Milimita

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Mama na wote hapo Awasi mu wazima. Mimi mwili hauna neno. Mengine ndiyo yaliyonifanya niandike, maana kwa simu ningelia tu.

Nilikuambia kwamba Bwana Opondo, mwenye karakana, alinunua sanduku la vipimo kutoka kiwanda kilichofungwa. Alivipanga mezani akauliza nani anavijua. Vingine hata Mzee Hemedi, fundi wetu mkuu, hakuwahi kuvishika. Mimi nikavitaja kimoja kimoja: hiki hupima kina, vibamba hivi hupima mwanya, na hii ni maikromita, hupima unene wa chuma hadi sehemu ya mia ya milimita. Majina niliyajua kwa picha za chuoni. Kuvitumia sikujua. Lakini wanaume walinyamaza, Baba, nami nikaufurahia ukimya ule. Kazi ya kupima ikawa yangu.

Mwezi uliopita ililetwa boti inayovusha wagonjwa kutoka kisiwani, itengenezewe shafti mpya, kile chuma kinachozungusha rafadha. Hemedi alikereza, mimi nikapima. Kwenye maikromita kuna kamstari ka nusu milimita. Kalikuwa kanaanza tu kuchungulia, nikakahesabu. Nikamwambia Hemedi chuma bado kimezidi karibu milimita nzima, akate. Kumbe kilizidi nusu tu. Akakata, akaenda swala ya Ijumaa, akaniachia nifunge.

Wiki mbili baadaye shafti ilichomoka katikati ya ziwa. Ndani ya boti alikuwamo mama anayeitwa Kageha, uchungu umemshika. Walielea kwa muda wa saa nne kabla ya wavuvi kuwavuta. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Bwana Opondo alimfukuza Hemedi mbele yetu sote, baada ya miaka ishirini na miwili. Mzee alisema tu kwamba aliyekuwa kwenye mashine ni yeye. Jina langu hakulitaja. Nami nilisimama pale, Baba, nikanyamaza.

Sasa sikia lile ambalo hata Hemedi halijui. Kosa la kupima lingesameheka. Lakini nilipoingiza shafti ile ilicheza, imelegea tunduni. Niliona kwa macho yangu. Ningemngoja Mzee arudi, lakini niliona aibu kusema sikujua kusoma kipimo. Nikakata kipande cha mkebe wa soda, nikakizungushia shafti kuziba mwanya, nikapaka grisi, nikakaza.

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Opondo yote. Hakunipigia kelele. Ameagiza Hemedi arudishwe, nami nikabidhi funguo zangu za karakana niondoke.

Bado Kageha. Anaamini ni ajali ya Mungu. Jumamosi nataka kuvuka niende kwake, lakini kwenye nyumba ya msiba siwezi kusimama peke yangu na neno kama hili. Nakuomba uje tuvuke pamoja. Ukikataa nitaelewa, na nitakwenda.

Nisalimie Mama, ila usimsomee barua hii mpaka uamue.

Ni mimi binti yako,
Dorca